Ruhusa Ilikuwa ya Muhogo Tu

Baba alipoomba mahali pa kujenga alipewa kwa maneno machache, naye akayashika mpaka kufa kwake. Jenga nyumba ya udongo. Lima muhogo, mahindi na kunde. Usipande mti.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa Kidigo, na shamba lake lilikuwa upande wa bara wa Msambweni, mbali kidogo na barabara ya Lunga Lunga. Baba yangu alikuwa Mduruma wa kule nyika, aliyeteremka pwani kukata miwa. Kazi ya miwa ilipokwisha hakutaka kurudi kwao mikono mitupu, akamwendea yule mzee, na sisi sote tukazaliwa hapo.

Mtu asiye wa pwani huliona katazo la mti kuwa dogo. Kwetu ndilo lililokuwa sheria. Muhogo ukishang'olewa, ardhi inabaki ya mwenyewe. Mnazi au mkorosho ukishika, aliyeupanda ana neno juu ya ardhi ile, yeye na watoto wake. Kwa hiyo mwenyeji anayekukaribisha hukupa kila kitu isipokuwa mti. Tuliishi chini ya minazi ya mzee tangu tulipopata akili. Nazi ikianguka karibu na mlango wetu, tulimpelekea. Mara nyingi aliturudishia, lakini ilikuwa lazima ifike kwake kwanza.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua nikiwa darasa la sita. Mama alimfuata mwaka mmoja wa mvua kubwa, barabara zilipokatika na gari la kumfikisha hospitali likakosekana. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Nyuma yangu alikuwa ndugu yangu wa kiume, kisha msichana, na wa mwisho ni mvulana ambaye hata jina la mama hakulitamka sawasawa.

Matanga yalipoanuliwa, jamaa zetu wa nyika walikaa wakatugawa. Mjomba alimtaka ndugu yangu akachunge mbuzi. Shangazi alimtaka msichana amsaidie maji, maana kwao maji ni safari. Mimi ningeolewa. Wa mwisho hakuna aliyemtaja. Nikasema hatuendi.

Shangazi akanitazama. "Utawapikia nini, mawe?"

"Nitajua, shangazi."

"Atajua," akawaambia wenzake, nao wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Lakini hawakutuburuta. Nadhani walishukuru. Tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu la kulinda: sisi wanne tusitawanywe. Shule niliiacha bila kuaga. Ndugu yangu nilimwambia aendelee, kwa sababu yeye masomo yalimkaa kichwani.

Kazi yangu ilikuwa kushona makuti. Unakunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa miyaa, majani yaliyochanwa kuwa uzi, mpaka upate pande la kuezekea. Mzee aliniruhusu kuokota makuti yaliyoanguka. Hoteli za Diani zilikuwa zikiezeka kila mara, na lori lilipita vijijini kukusanya. Halafu kukatokea zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, watu wakauawa, wengine wakakimbia na magodoro kichwani, na watalii wakakoma kuja. Hoteli zikafunga milango. Lori halikupita tena. Makuti yangu yalirundikana nyuma ya nyumba mpaka nyoka wakahamia.

Jirani yangu alikuwa mjane mtu mzima, mshona makuti kama mimi, ila yeye alikuwa na minazi yake aliyorithi kwa upande wa mama yake. Kila akipita alitazama lile rundo. "Hebu nawe uza nyoka, weye. Labda Mzungu atarudi kuwaangalia."

Ni wakati huo alipokuja Madam.

Hilo ndilo jina tulilomwita sote. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii aliyeletwa na mradi mmoja, mwanamke wa bara, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi mwisho wa chumba. Alitukusanya katika darasa la shule ya msingi: wajane, wagonjwa, wakubwa wa nyumba za mayatima kama mimi, na wazee wa kijiji. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora mti. Shina, akasema, ni umaskini wenu. Matawi ni taabu mnazoziona. Mizizi ni sababu.

"Semeni kwa uhuru," akasema. "Hakuna jibu baya. Kwa nini watu wa hapa ni maskini?"

Jirani yangu akainua mkono. "Madam, ukituuliza sisi utapata kubahatisha. Waulize matajiri, wao wanajua walivyofanya."

Darasa zima likacheka, na Madam pia. Baada ya hapo watu wakafungua vinywa. Mmoja akasema ni majaliwa. Mwingine akasema ni husuda, kwamba ukiinua kichwa tu unarogwa. Kijana aliyekuwa akifua shuka za hoteli akasema ni Wazungu kutokuja. Madam aliyaandika yote kwenye matawi.

"Hayo ni matawi," akasema. "Nataka mizizi."

Hakuna aliyejibu, basi akaijaza mwenyewe huku akitueleza. Watoto kuacha shule. Kuzaa bila kupanga. Sherehe na matanga yasiyokwisha. Kungoja msaada. "Kule kwetu," akasema, "mtu ana shamba kama hili darasa na anasomesha watoto wote. Nyinyi mna mvua, mna bahari, mna ardhi inaita jembe. Inabaki nini? Inabaki nyinyi wenyewe."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeamini kwamba anatupa habari njema.

Mzee wetu alikuwa ameketi mstari wa mbele, amevua kofia na kujipepea nayo. Nyuma yake kulikuwa na wengi wetu tuliokaribishwa kwenye mashamba ya watu, yake na ya wenzake. Nani angenyanyuka aseme sababu ni kwamba hatuna ardhi, na aliyetupa mahali pa kulala anasikia? Lingekuwa shtaka. Tena miezi ile neno ardhi, likiulizwa na mtu wa bara, liliwafanya watu watazame miguu yao. Mti ukabaki ukutani bila neno hilo.

Mwisho wa mkutano tulipewa msaada. Kila nyumba ya mayatima ingepata unga na maharagwe, na ndugu yangu, aliyekuwa darasa la nane, angelipiwa mtihani na kushonewa sare. Sharti lilikuwa moja. Tulipewa miche, mikorosho na miembe ya kisasa, nayo lazima iwe ardhini Madam akija kututembelea.

Niliipokea. Ningesema nini, na mfuko wa unga ulikuwa umesimama mbele yangu?

Kesho yake mzee alipiga hodi. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Naona umepewa zawadi."

"Ndiyo, babu."

"Zawadi ni njema. Itakaa wapi?"

"Kwenye mikebe, babu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniuliza hali za watoto, akaondoka.

Nikaihamishia miche kwenye mikebe ya rangi na ya samli niliyookota nyuma ya maduka ya Ukunda. Niliipanga ubavuni mwa nyumba mahali penye kivuli, na mdogo wangu wa kike akawa anainyweshea maji tuliyoogea. Ilistawi kuliko sisi. Jirani yangu akashika kiuno.

"Huyu kulea kumemkolea. Yatima hawakumtosha, kaokota na mikorosho."

Kisha akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Nipe mie niipande kwangu. Ikizaa tutagawana."

"Madam ataitafuta hapa."

"Basi mwambie."

"Nimwambie babu amenikataza?"

Yeye pia aliona uzito wake.

Madam alikuja kwa gari, siku ya mvua nyepesi. Aliwashika watoto mikono, akamkagua wa mwisho macho na tumbo, akauliza kama amechanjwa. Halafu akaona mikebe.

"Sasa hii yote nini?"

"Ni miche, Madam."

"Naona ni miche. Kwa nini iko kwenye makopo?"

"Tunangoja mvua, Madam."

Mvua ilikuwa ikitunyeshea sote wawili. Alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kumchukia kwalo. Alikunja mikono ya blauzi, akachukua jembe letu mlangoni, akachimba shimo mbele ya nyumba. Alichimba vizuri, kwa nguvu, kama mtu aliyekulia shambani. Akapiga magoti matopeni na kiatu chake kizuri, akatoa mwembe mmoja kwenye mkebe bila kuvunja udongo wa mizizi, akaupanda na kuushindilia kwa viganja.

"Umeona? Ni kazi ya dakika. Si pesa, si shule. Ni kuamua tu. Yote iliyobaki nataka kuipata chini nikirudi."

Nilisimama pale kama gogo. Ningeweza kumshika mkono, lakini mkono wa mgeni wako aliyekuja kukusaidia haushikwi hivihivi. Alipoondoka, mdogo wangu wa kike akaenda kuumwagia mwembe maji, akiimba. Nilipanga kuung'oa giza likiingia. Giza likaingia nikaona nyayo za viatu vya Madam kuzunguka ule mti, nikawaza, akirudi kesho je? Nikaacha.

Mzee ndiye aliyekuja kesho yake. Alikuja na wazee wawili wa kijiji. Nilitandika mkeka, hawakuketi. Niliwakaribisha uji, hakuna aliyeupokea, na hapo nikajua.

"Nani kapanda?" akauliza mzee.

"Madam, babu."

"Madam anaishi hapa?"

"La, babu."

"Mti wake utakula maji ya nani akishaondoka?"

Ndugu yangu akajitokeza mlangoni na daftari mkononi. "Babu, ukitaka ung'oe. Hatutasema kitu."

"Mimi sing'oi mti wa mtu," akasema mzee. "Nikiugusa nimekubali kwamba una mwenyewe na mwenyewe si mimi. Ataung'oa aliyekaa hapa, na hawa wawili watazame."

Nikaung'oa. Ulitoka upesi, ulikuwa haujashika. Wale wazee wawili walitazama, mmoja akakohoa, basi ikawa imekwisha kwa sheria yao. Mzee hakuondoka mara moja. Alisimama akichokonoa shimo kwa fimbo yake, akasema kama anayezungumza na shimo lile.

"Nilikuwa na shamba Diani. Baba yangu alizikwa ndani yake. Wakaja watu na hati, mimi nikasema tazameni minazi hii, nani kaipanda? Wakasema minazi si hati. Sasa pana ukuta na mlinzi, na nikitaka kusoma dua kwa baba yangu nasomea barabarani. Hapa pia sina hati. Nina minazi tu. Ukiniongezea mti wako, mwanangu, nitabaki na nini cha kusema?"

"Nimekufahamu, babu."

"Hiyo mikebe iondoke. Nyie kaeni."

Siku ile ile mimi na ndugu yangu tuliibeba kwa jirani, naye akaipanda kwenye shamba lake. Hakutania.

Madam aliporudi alipita kwanza kwa jirani, akaona miche imepangwa mistari mizuri. Alipofika kwetu akakuta shimo limefukiwa. Hakuingia ndani.

"Uliuza kwa pesa ngapi?"

"Sikuuza, Madam."

"Basi niambie ukweli, kwa sababu nimekutetea ofisini. Nimewaambia yule msichana ni mchapakazi."

Nikamweleza yote, polepole, nikiwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa na yeye amekaa kwenye kiti chetu kimoja. Nilimweleza baba alivyoomba, muhogo, mti, wazee wawili, shamba la Diani. Alisikiliza. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa nini hukusema siku ile darasani?"

"Alikuwa amekaa mbele yako."

"Lakini mumezaliwa hapa. Mna haki. Twende kwa chifu sasa hivi, niko na gari."

"Chifu atasema tuna haki. Halafu Madam atapanda gari lake."

"Na kisha?"

"Na kisha sisi tutalala wapi?"

Akafuta uso kwa leso. "Hii ndiyo shida ya hapa. Mtu amekukalia shingoni na unamwita babu."

"Na yeye amekaliwa, Madam."

"Kila mtu hapa ana wa kusingizia. Mzee anasingizia wa Diani, wewe unamsingizia mzee, hakuna anayeanza. Mimi nimezika wazazi pia. Nililima mashamba ya watu nikasoma."

Nilimwamini. Niliona viganja vyake siku alipochimba. Lakini huko kwao alikolima, labda mtu akilima analima tu, hakuna anayehesabu miti. Sikujua kumwambia hivyo bila kumvunjia heshima, basi nikamwambia, "Pole, Madam."

Akaikunja leso. Kisha akanieleza kwamba sharti la miche halikuwa lake, lilikuwa la mradi, na nyumba isiyo na miti ingeondolewa kwenye msaada. Unga, maharagwe, mtihani wa ndugu yangu, vyote. Lakini alikuwa amefikiria jambo lingine. Kulikuwa na kituo cha watoto Mombasa chenye nafasi mbili. Wadogo wawili wangepokewa.

"Watakula mara tatu. Watasoma. Watavaa viatu," akasema. "Wewe utapumua, na ndugu yako atapata nafasi ya kumaliza. Fikiria vizuri. Usijibu kwa moyo."

Nilifikiria. Watu hudhani mtu kama mimi hakufikiria. Nilimtazama mdogo wa mwisho, mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona, na nikaona viatu vile anavyovisema Madam, na soksi. Nikaona pia shangazi akimtaka msichana kwa ajili ya maji, na mjomba akimtaka ndugu yangu kwa ajili ya mbuzi, na sasa wanatakiwa tena, safari hii kwa wema. Nilijua nikiwatoa wawili, wawili tutakaobaki hatutakuwa nyumba. Tutakuwa watu wawili waliokaribishwa kwenye shamba la mtu.

"Hawaendi, Madam."

"Unawanyima kwa sababu ya kiburi."

"Labda."

"Wakikuuliza wakishakua?"

"Watakuwa wapo karibu, wataniuliza."

Alisimama. Alimpa wa mwisho biskuti alizokuwa nazo kwenye mkoba, akamshika kichwa. Kwangu alinyoosha mkono, nikaupokea kwa mikono miwili. Hakuja tena. Baadaye nilisikia amehamishiwa sehemu nyingine, na nyumba yangu iliandikwa kuwa haikuwa tayari kujitegemea. Sijui kama yeye ndiye aliyeandika.

Ndugu yangu alikuwa amesikia yote nyuma ya ukuta. Siku shule zilipofunguliwa nilimkuta amevaa kaptula ya baba, ameifunga kwa kamba.

"Sare iko wapi?"

"Ile ya zamani imeraruka, dada. Na mtihani haulipwi kwa sare."

"Nitatafuta. Mwalimu atangoja."

"Mwalimu alinirudisha nyumbani kabla ya kufunga shule, sikukwambia. Kuna timbo la mawe huko upande wa Tiwi, wanataka watu. Wewe umewalisha, na mimi sasa."

Nilimkatalia. Nilimkatalia kwa maneno yote niliyokuwa nayo, mpaka nikamtaja mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama nilivyomsikiliza Madam. Kisha akaenda. Nikabaki mlangoni na hasira ambayo sikujua niimwage wapi. Nilijua Madam angekuja siku ile angeona sababu yake mbele ya macho, mtoto ameacha shule, na nisingekuwa na jibu lililo fupi.

Alirudi jioni amejaa vumbi la mawe, mweupe nywele, kope na midomo, viganja vimechubuka na kuvimba. Mdogo wetu wa mwisho alimwona njiani, akapiga yowe akakimbilia nyuma yangu, akidhani ni mzimu. Ndugu yangu alijaribu kucheka, lakini vumbi likamkaba, akakohoa akiwa ameshikilia mti wa mlango. Nikasikia kifua chake kikivuma, na sauti ile niliijua tangu kwa baba.

Nilimletea maji. Alioga nyuma ya nyumba huku mdogo wetu akichungulia, mpaka uso ulipotokeza akamtambua na kumwendea. Alikuwa amenunua mkate. Niliugawa, mafungu manne, nikawaita wakae.